Siku Mtoto Alipokataa Kurudi Nyumbani Nami

Kosa langu la kwanza pale shuleni lilikuwa kujitolea. Ngojeni, msicheke bado. Najua kujitolea ni jambo jema, na wengi wenu hapa mmejitolea mahali. Lakini mimi nilijitolea kufundisha watoto ili nipate kuwachunga watu wazima. Nilitaka mahali pa kusimama nione nani anamkaribia mtoto wangu, anampa nini na anamwambia nini. Chaki ilikuwa ruhusa ya kuingia tu.

Ndugu zangu, mnaniona nimeshika karatasi. Ni kwa sababu nikisimama mbele ya watu mikono mitupu natetemeka. Haya maneno nimeyaandika, nikayafuta, nikayaandika upya. Anayeongoza kikundi chetu hiki cha walezi aliniambia, "Wewe ongea tu vile huwa unaongea." Angejua vile huwa naongea asingesema hivyo. Hata sasa nawaangalia na kujiuliza ni nani kati yenu atakwenda kuyarudia haya nje ya ukumbi huu. Mnisamehe. Nimepona, lakini si kila mahali. Sitataja jina la mtu, na ukidhani umemtambua mtu, tafadhali mtambue kimoyomoyo.

Mimi kazi yangu ni kuandika vibao. Vinyozi, maduka ya dawa, mabucha. Ukipita kwenye vibanda vya nyama choma vya Kikopey ukaona ng'ombe amechorwa ukutani, anatabasamu na huku anajua anaenda kuchomwa, huenda ni wangu. Sikufundishwa na mtu. Niliacha shule kidato cha pili, nikawa nanakili herufi kutoka kwenye makopo ya rangi na magunia ya unga mpaka mkono ukazoea. Sasa, mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hajui kazi imeisha saa ngapi. Herufi moja ikiinama kidogo, nafuta neno zima. Wateja wamenigombeza sana. "Boss, hiki ni kibao cha kuuza mayai, si cha Ikulu."

Mtoto ninayemlea ni wa dada yangu. Dada alinitangulia kuzaliwa, na mama yetu alipofariki ndiye aliyenilea. Baadaye akaolewa huko Bahati, mashambani nje ya mji. Mume alimwacha huko kwa mama mkwe wake, akaenda zake, na hajaonekana tangu hapo. Halafu dada akaugua. Nilikuwa nimeanza tu kupata kazi ya vibao mjini, kwa hivyo nilikuwa napiga simu, na kila nikipiga mama mkwe wake ananiambia, "Anaendelea vizuri, usijali." Nami sikujali. Niliamini, nikaendelea kupaka rangi. Siku niliyoitwa, nilikwenda nikijua naenda kumwona mgonjwa anayeendelea vizuri. Nikakuta hema limesimamishwa uani na watu wamekalia viti vya kukodi.

Sikulia. Nilisimama pale nikiwaangalia watu wa boma lile mmoja mmoja, nikijiuliza nani alijua nini. Baada ya mazishi yule mama mkwe, ambaye ndiye nyanya wa mtoto, bibi yake mzaa baba, alinishika mkono akaniambia, "Niachie huyu. Ndiye nimebaki naye." Nikamjibu mbele ya watu kwamba aliyenidanganya kuhusu dada yangu hawezi kunilelea mtoto wake. Nikampakia mtoto kwenye boda na begi lake, tukateremka mjini. Alikuwa na miaka mitano. Tangu siku hiyo nikawa naogopa kitu kimoja tu maishani, kwamba yule nyanya atakuja kumchukua. Nikiamka naogopa hilo. Nikichanganya rangi naogopa hilo.

Wakati wa shule ulipofika, kila shule iliniuliza cheti cha kuzaliwa. Cheti kilibaki Bahati. Nilikuwa radhi ninywe ile rangi yangu kuliko kurudi kule kukiomba. Ndipo jirani akaniambia kuna shule ya watu wasio na karatasi, vyumba vya mabati nyuma ya kanisa, si mbali na mtaa wa Section 58. Nikaenda kuitazama.

Shule yenyewe haifanani na shule. Kuna watoto waliokuwa wakiokota chupa. Kuna wasichana waliozaa mapema na kurudi kusoma na watoto wao mgongoni. Mtu haketi kwa umri, anaketi kwa kile anachoweza kusoma, kwa hivyo unakuta kijana ameanza kuota ndevu amekaa benchi moja na mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Walimu wengi ni wa kujitolea. Mwalimu mkuu ni mama wa makamo, sauti yake inasikika mpaka barabarani.

Sasa pale kuna desturi moja, nisikilizeni vizuri hapa. Jioni hakuna mtoto anayetoka getini kabla ya kuulizwa, "Leo unaenda na nani?" Mwalimu mkuu humshika mkono na kumwuliza, na mtoto hujibu kwa mdomo wake mwenyewe. Hata kama aliyekuja kumchukua ni mama aliyemzaa, wanafanana kuanzia paji la uso hadi kidevu, bado ataulizwa. Wengi wa watoto wale wamegombaniwa, wengine wamefichwa, wengine wametolewa shule na watu wasiokuwa na haki nao. Mtoto akinyamaza, haendi. Atalala kwa mmoja wa akina mama wa shule, yule atakayemchagua mwenyewe, na mzee wa mtaa ataarifiwa. Mlezi ataelekezwa aliko, aende kuongea huko hasira zikishapoa.

Nilipoelezwa hayo nilitikisa kichwa. Mtoto anajua nini? Si mtu akimpa peremende atalitaja jina la huyo? Nikajiambia siwezi kuning'iniza mtoto wa dada yangu kwenye swali. Pale pale nikamwambia mwalimu mkuu, "Madam, mimi najua kuandika herufi vizuri. Naweza kusaidia siku zisizo na kazi." Akafurahi sana. Ama nilidhani amefurahi.

Nikaanza kufundisha kuandika. Darasa langu lilikuwa na dirisha linalotazama jikoni, na mimi nilikuwa mwalimu wa lile dirisha. Nikiandika herufi, nageuka kuangalia nje. Nikirudi, naiona herufi imepinda, naifuta. Kulikuwa na msichana mmoja wa mbele, ananyonyesha huku anaandika, mdomo wake haukosi neno. "Ticha, hiyo umeifuta ya nini? Ilikuwa imeanza kupumua." Siku nyingine akauliza darasa lote, "Huyu ticha anatufundisha ama anatuwinda?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza nani amemwambia.

Halafu dalili zikaanza. Mnajua mtu akishuku kitu, dalili huja zenyewe, huziiti. Jioni moja mtoto alitoka darasani amesukwa matuta. Mimi sikujua kusuka. Nilikuwa nafunga nywele zake na mpira, basi.

"Nani amekusuka?"

"Mama wa jikoni."

"Alikuambia nini akikusuka?"

"Aliniambia nisitikisike."

"Na nini kingine?"

"Aliniambia niinamishe kichwa."

"Alikuuliza kuhusu Bahati? Alimtaja shosho, yule nyanya yako?"

Mtoto akanyamaza. Ule unyamavu nikauchukua kuwa jibu.

Wiki iliyofuata nikapata maganda ya minji, zile njegere mbichi, kwenye mfuko wa sare yake. Minji! Nikasimama katikati ya chumba nimeyashika kama mtu aliyeshika ushahidi mahakamani. Nani hapa mjini analima minji? Bahati ndiko wanalima minji. Soko letu limejaa minji kwa magunia, lakini mwenye shuku haendi sokoni. Kichwani mwangu kesi ilikuwa imekamilika: nyanya analeta minji, mpishi anapokea, mtoto anazoeshwa polepole, na siku moja nitafika getini nikute ameshataja jina lingine.

Siku nyingine nikiwa darasani nilimwona mama mzee amejifunga leso, anaongea na mpishi kwenye ua. Nilitoka mbio na chaki mkononi, darasa lote likaja mlangoni kuangalia. Yule mama kuniona akaanza kukimbia pia. Nilipomfikia kumbe ni wa kuuza ovakado. Akaniambia akihema, "Kijana, kama unataka ovakado si useme. Mbona unanikimbiza na uzee huu?" Ilibidi ninunue.

Nyumbani nikageuka askari. Mtoto akifika, kabla ya chai, nakagua begi. Nakagua mifuko, kucha, nywele. Kisha maswali. Ulikaa wapi? Na nani? Alisema nini? Kesho yake nauliza yale yale, nikilinganisha. "Jana ulisema ulikaa karibu na mlango. Leo unasema dirisha. Ni wapi?" Alikuwa na miaka saba. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sijawahi kumpiga yule mtoto hata kofi. Nilijisifu kwa hilo. Nilifikiri mtu asiyepiga hawezi kuwa mkatili.

Mwisho nikaingia jikoni. Ilikuwa saa ya chakula, watoto wamepanga foleni na sahani zao, mpishi anakoroga githeri, mahindi na maharagwe.

"Mathe, nani amekutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Kwa mtoto wangu."

"Leo nimetumwa chumvi tu, na hata hiyo nimeisahau."

Watoto wakacheka. Nikapandisha sauti. "Wewe ni wa upande wa Bahati?"

"Mimi ni wa Njoro. Kuna shida?"

"Basi hii minji inatoka wapi?"

"Kwa gunia." Akanigeukia, mwiko bado uko ndani ya sufuria. "Wewe kijana, hii maneno yote umetoa wapi? Watoto wananisaidia kuambua minji, wanaiba kidogo wanakula. Wote. Kagua mifuko ya hawa wote kama unataka."

"Na nywele? Nani alikuambia umguse nywele?"

Hapo akashusha sauti, nadhani ili mtoto asisikie. "Walikuwa wanamwita ufagio. Ningengoja mpaka ujue kusuka?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilimwambia mbele ya foleni nzima kwamba asimguse mtoto wangu tena, asimwite jikoni, asimwongeleshe, la sivyo nitafika kwa chifu. Aliuweka mwiko juu ya kifuniko. "Sawa," akasema. "Sitamgusa."

Akatimiza neno lake. Siku iliyofuata wenzake walipokwenda kuambua minji, mtoto wangu naye alikwenda, na mpishi akamwambia arudi darasani. Nilimwona kupitia lile dirisha langu akirudi analia, akijifuta na mkono wa sweta. Na mimi, ndugu zangu, nilihisi nimeshinda.

Ijumaa ya wiki hiyo nilisimama getini kama kawaida. Mwalimu mkuu akamshika mtoto mkono. "Leo unaenda na nani?"

Kimya.

Nikacheka kidogo. "Ameshikwa na aibu tu, madam."

Mwalimu mkuu akachuchumaa, akauliza tena polepole. Mtoto akaangalia viatu vyake.

"Sema," nikamwambia. "Sema unaenda na Anko."

"Usimpe jibu," mwalimu mkuu akasema bila kunitazama.

"Huyu mtoto ni wangu! Ni mimi nimemleta asubuhi!"

"Kuletwa asubuhi hatuulizi. Jioni hajasema."

Nikanyoosha mkono nimshike. Mtoto akarudi nyuma ya sketi ya mwalimu. Nikavuta tena, nikimwambia mwalimu mkuu kwamba amenunuliwa, kwamba wote wamenunuliwa, nikitaja minji mbele za watu. Pale nje hukaa vijana wa boda wakingoja abiria. Mmoja akashuka kwenye pikipiki yake, akaja karibu. "Buda, kwani huyu mtoto ni wako ama ulimwokota?"

Mwenzake akasema, "Mtoto hataki. Wewe unamvutia wapi?"

Nyinyi ni watu wa hapa, mnajua neno linalofuata hapo: mwizi wa watoto. Kijana anavuta msichana mdogo asiyetaka kwenda naye, na watu wanaanza kukusanyika. Niliuachia ule mkono. Niliwaangalia wale vijana nikayaona macho yao, na nikayajua. Ni macho yangu. Ndivyo nilivyomtazama mpishi muhula mzima. Siku hiyo mshukiwa alikuwa mimi, na sikuwa na la kujitetea, kwa sababu shahidi pekee alikuwa mtoto, na mtoto alikuwa amenyamaza.

Mwalimu mkuu akamwuliza, "Basi unataka kulala kwa nani?" Akanyoosha kidole. Jikoni.

Usiku wa siku hiyo nitauruka, hauna maana kwenu. Kilichopo ni kwamba kulipokucha nilikuwa nimefunga brashi zangu na nguo zetu kwenye mfuko. Nilikuwa nimeamua nikimtia mtoto mkononi tu, tunahama mji, na hakuna atakayejua tulikoelekea. Shuleni walikuwa wamenielekeza anakoishi mpishi, kama desturi inavyotaka. Nikagonga mlango.

Akafungua, mikono imejaa unga. Akautazama ule mfuko. "Umekuja kunipiga ama kunywa chai?"

"Nimekuja kuchukua mtoto."

"Yuko. Ingia umwambie." Akabeba beseni la nguo akatoka kwenda kuanika, akauacha mlango wazi.

Mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda anakunywa chai. Mimi nikakalia mtungi wa plastiki wa maji. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini ni yeye aliyeanza.

"Anko, umekasirika?"

"Hapana."

"Jana ulikuwa umekasirika. Leo unasema hapana. Ni gani?"

Lilikuwa swali langu, na aliliuliza kwa sauti yangu, hata kichwa amekiinamisha upande kama mimi. Akaendelea, hakuwa analia, alikuwa anaeleza tu kama mtu anayeeleza njia.

"Nikikuambia ukweli unasema niseme tena. Nikisema tena unasema nimebadilisha. Sasa mimi sijui kusema." Akanywa chai kidogo. "Na shosho sijamwona. Hajawahi kuja. Nilinyamaza kwa sababu nikimtaja unakasirika. Mimi namkumbuka tu. Na mama pia namkumbuka, lakini huyo pia hatumtaji."

Nikaanza kulia. Si machozi ya kupangusa na kidole. Nililia kwa kelele, mpaka mpishi akachungulia mlangoni akiwa ameshika shati linalodondoka maji. "Haki ya Mungu, nani amekufa?"

Nikamjibu, "Dada yangu."

Ilikuwa imepita miaka miwili tangu tumzike. Lakini ndiyo siku niliyomlilia. Kabla ya hapo sikuwa na nafasi, nilikuwa nachunguza.

Mpishi hakunikumbatia, na hakuniambia pole. Alimimina chai akanisukumia. "Kunywa. Ina majani mengi, ni huyu mtoto ameipika." Nikainywa, chungu kweli. Mtoto akaniuliza kama ni tamu. Nikamwambia ni chungu. Akacheka, na nadhani alicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemjibu bila kumpeleleza. Tulirudi nyumbani pamoja, nami nikaufungua ule mfuko.

Jumatatu nikaitwa kwa mwalimu mkuu. Akaniambia niweke chaki chini. Nitafanya kazi jikoni na mama yule yule mpaka muhula uishe. Na jioni nyumbani nisiulize swali. "Hata moja. Akitaka kusema, atasema."

"Na kama kuna mtu anamdhuru?" nikauliza. Bado nilikuwa mimi.

Nilidhani atanigombeza. Akajibu taratibu. "Ni swali la maana. Ndiyo sababu tuna geti. Ndiyo sababu hapa hakuna mtu mzima anafunga mlango na mtoto peke yake ndani. Hata wewe tulikuwa tunakuangalia."

"Mimi?"

"Kijana anakuja kufundisha bure, na haangalii ubao? Tulikushuku wiki ya kwanza. Kwani ulidhani nilifurahi?"

Sijui niwaambie vipi, lakini maneno hayo yalinituliza kuliko mahubiri yoyote. Kumbe hawakuwa wajinga. Kumbe walikuwa macho muda wote, na walikuwa wanamlinda mtoto bila kumtisha.

Nikaenda jikoni. Mwanzoni yule mama hakuniongelesha ila kuniamrisha. Nilipomenya waru, yaani viazi, zikawa laini kama mayai, akanitazama akashindwa kuvumilia. "Hii waru unaimenya ama unaichonga? Watoto watakula Krismasi?" Nilimwomba msamaha mbele ya foleni ile ile niliyomtukana mbele yake. Akasema, "Nimesikia. Koroga." Na mtoto akaruhusiwa kurudi kuambua minji.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi. Mtu aliyezoea kuuliza, ukimnyima maswali ni kama umemfunga mdomo na kamba. Siku za kwanza tulikula ugali kimya, nasikia jirani akitafuna upande wa pili wa ukuta. Begi liko pale, macho yangu yako kwa begi. Nilikuwa nakalia mikono yangu. Halafu jioni moja akaniambia kuna mtoto amemeza jino lake kwa bahati mbaya, na sasa wanangoja waone kama litaotea tumboni. Akaongea mpaka chakula kikapoa. Kesho yake alirudia hadithi hiyo hiyo, na mara hii jino lilikuwa la mtoto mwingine. Nilitaka kumsahihisha. Nikameza tonge.

Likizo ilipofika nikampeleka Bahati. Msidhani niliamka mtakatifu. Nilimwambia wa boda angoje nje na pikipiki isizimwe. Nyanya yake alitoka akasimama mlangoni, akafunika mdomo na mkono. Mtoto akamkimbilia. Mimi nikabaki uani, pale pale palipokuwa na hema.

"Umekuja," akaniambia.

"Nimekuja." Na nikatoa lile nililokuwa nimelibeba. "Kwa nini ulikuwa unaniambia anaendelea vizuri?"

Akakaa chini kwenye jiwe. "Ni yeye alisema tukuambie hivyo. Alisema ukijua utaacha kazi, na ndiyo ulikuwa umeipata tu. Nilimwambia si vizuri. Akakataa."

Ndugu zangu, sijui kama ni kweli. Dada hayupo nimwulize. Kuna siku naamini kabisa, maana ndivyo alivyokuwa. Na kuna siku naamka nikisema, yule nyanya amejipangia maneno. Zamani ningemwuliza mpaka ajichanganye. Siku hiyo niliuliza mara moja, nikamwambia wa boda azime pikipiki.

Jioni mtoto akaniambia anataka kulala kwa shosho, nije kumchukua kesho. Hapo ndipo nilipojaribiwa. Kile nilichokimbia miaka yote kilikuwa kimesimama mbele yangu na kandambili, kinaniomba ruhusa. Nikasema sawa. Kesho yake nilifika mapema mno, nyanya akafungua mlango amejifunika shuka. "Hata ng'ombe hawajaamka. Wewe umelala wapi?" Mtoto alikuwepo. Alikuwa amelala fofofo, mguu mmoja nje ya blanketi. Hakuna aliyekuwa amemficha.

Nataka kushukuru. Namshukuru yule mama wa jikoni, aliyemlaza mtoto wangu katika wiki niliyomtukana. Namshukuru mwalimu mkuu kwa kunikatalia getini, ijapokuwa siku ile ningeweza kumng'ata. Namshukuru nyanya. Hata yule wa boda aliyeniuliza kama nilimwokota mtoto namshukuru, ingawa bado sijaweza kumsalimia. Nawashukuru nyinyi mliokaa hapa mkanisikiliza, hata yule wa nyuma ambaye amekuwa akiangalia simu. Nimekuona.

Kwa anayelea mtoto peke yake, sikuambii uache kuchunga. Chunga. Ulimwengu huu una watu wabaya, na mimi ni wa mwisho kukuambia uamini kila mtu. Ila angalia usimchunge mtoto mpaka awe mtu wa kwanza unayemshuku. Mtoto anayeulizwa kila kitu kila siku hatakuambia siku kitu kitakapotokea kweli, kwa sababu atakuwa ameshajifunza kwamba ukweli wake hautoshi.

Sasa ana miaka tisa. Cheti chake tulikipata, na angeweza kwenda shule nyingine, lakini tumebaki pale. Nimerudishiwa chaki, nafundisha siku zisizo na kazi, na darasa langu nilihamishiwa upande wa pili, usio na dirisha la jikoni. Likizo anaenda Bahati. Mama yake tunamtaja. Jioni akirudi kutoka shuleni begi analiweka mahali pake na mimi siligusi. Namwekea chai, nakaa. Siku nyingine anasema, siku nyingine hasemi.